Dari, Ukuta na Kipande cha Plastiki: Uchaguzi wa Visambaza Mwanga katika Picha za Sura

Flashi ndogo inayopachikwa juu ya kamera hutoa mwanga mwingi katika kipande kidogo mno cha sekunde, lakini mwanga huo wote hupitia kwenye kidirisha cha plastiki ambacho kwa kawaida hakizidi sana upana wa sentimita 7 na kimo cha sentimita 4. Udogo wa kidirisha hicho ndio chimbuko la karibu malalamiko yote yanayotolewa dhidi ya flashi katika picha za sura, yaani picha ambazo lengo lake kuu ni uso wa mtu: kivuli cheusi kilichokatika ghafla ukutani nyuma ya bibi harusi, doa jeupe kwenye paji la uso, pua iliyopoteza umbo, na ngozi inayoonekana bapa. Soko limeyajibu malalamiko hayo kwa vifuniko vya plastiki, mabakuli ya silikoni, kadi za kukunja, miavuli na masanduku ya kitambaa, na karibu kila kimoja huuzwa kwa ahadi ileile ya kulainisha mwanga. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba vifaa hivyo haviwezi kupimwa kwa haki kimoja dhidi ya kingine bila kutaja chumba vitakamotumika na ngozi itakayomulikwa, kwa sababu vingi kati yake havilainishi chochote vyenyewe. Kinacholainisha ni dari, ukuta au kitambaa kipana ambacho mwanga unakwenda kukigonga, na kazi ya kifaa ni kuufikisha huko.

Ulaini wa mwanga hutambuliwa kwa ukingo wa kivuli. Chanzo kidogo cha mwanga hutoa kivuli chenye ukingo mkali, kwa kuwa kila sehemu ya uso ama inakiona chanzo hicho ama haikioni kabisa. Chanzo kipana hutoa kivuli kinachofifia polepole, kwa kuwa sehemu iliyozibwa na pua isipate mwanga wa upande mmoja wa chanzo bado hupata mwanga wa upande wake mwingine. Upana unaohesabika hapa ni ule unaoonekana kutoka mahali alipo mtu anayepigwa picha, na huo hutegemea umbali. Jua lina kipenyo cha kilomita karibu milioni 1.4, lakini kwa kuwa liko umbali wa kilomita milioni 150 hivi, huonekana angani kwa upana wa nusu digrii tu na vivuli vyake huwa vikali. Dirisha la mita moja lililo mita moja na nusu kutoka kwenye kiti cha mpigwa picha huonekana pana mara nyingi kuliko jua, na ndiyo sababu wachoraji na wapiga picha wamelipenda tangu zamani. Weupe wa plastiki, unene wake na bei yake havimo katika hesabu hiyo.

Hesabu hiyo ikitumika kwa kifuniko kidogo cha plastiki nyeupe kinachovalishwa kichwa cha flashi, cha aina iliyoenezwa na Omni-Bounce ya kampuni ya Sto-Fen na kuigwa na watengenezaji wengi, matokeo yake hayaridhishi. Kifuniko huongeza kidogo tu eneo linalomtazama mpigwa picha, na kwa mtu aliyesimama umbali wa mita 2 tofauti hiyo haionekani. Kinachofanywa na kifuniko ni kuutawanya mwanga kila upande, ili sehemu yake iende moja kwa moja kwa mtu na sehemu nyingine ipande darini na kuenea kutani, kisha irudi ikiwa imetoka kwenye eneo pana. Katika sebule ndogo yenye kuta nyeupe na dari nyeupe mbinu hiyo hufaulu, na sifa za kifuniko zimetokana na sebule kama hizo. Kwenye uwanja wa wazi usiku, ambako hakuna dari wala ukuta, mwanga uliotawanywa huishia gizani, mtu hubaki akimulikwa na kipande kilekile kidogo, na flashi hulazimika kutumia nguvu mara 3 au 4 zaidi ili kufikia mwangaza uleule; kwa lugha ya wapiga picha, hiyo ni hasara ya stopu moja na nusu hadi mbili, ambapo stopu moja ni kupungua kwa mwanga hadi nusu au kuongezeka kwake mara mbili. Mpiga picha anayehudumia sherehe ya bustanini akiwa amevalisha flashi kifuniko hicho na kuielekeza juu anamaliza betri zake bila kupata chochote.

Mabakuli makubwa zaidi, kama Lightsphere ya Gary Fong na MagSphere ya MagMod inayoshikiliwa kwa sumaku, hufuata kanuni ileile kwa ukubwa ulioongezeka kidogo. Yana faida moja ya kweli: kwa mtu aliye karibu, tuseme ng'ambo ya meza ya chakula, bakuli huonekana kubwa kiasi cha kupunguza ukali wa kivuli cha pua, na umbo lake la mviringo huacha ndani ya jicho nukta ya mwanga iliyo duara, nukta ambayo huupa uso uhai. Zaidi ya hapo bakuli hutupa mwanga kwenye kila ukuta bila kuchagua, pamoja na ukuta ambao mpiga picha angetamani usiguswe.

Njia inayotoa ulaini mkubwa kwa gharama ndogo kabisa ni kuiacha plastiki na kugeuza kichwa cha flashi kielekee darini au ukutani. Katika chumba chenye dari ya mita 2.8, flashi iliyo kwenye kimo cha mita 1.6 na iliyowekwa kutawanya mwanga kwa upana unaolingana na lenzi ya milimita 35 humulika darini eneo lenye upana wa mita moja na robo hivi, na ikiwekwa kwa upana wa milimita 24 eneo hilo hukaribia mita 1.8. Eneo hilo ndilo taa yenyewe kwa mtu aliyesimama chini yake, na hakuna bakuli linaloweza kulikaribia kwa ukubwa. Gharama yake hulipwa kwa nguvu. Mwanga unaokwenda moja kwa moja kwa mtu aliye umbali wa mita 2 husafiri mita hizo 2 tu, lakini ukipitia darini husafiri mita 3 na ushei, na kwa kuwa nguvu ya mwanga hupungua kwa kadiri ya mraba wa umbali, safari hiyo pekee hugharimu zaidi kidogo ya stopu moja, ambayo huongezewa stopu moja au mbili zinazomezwa na kutawanywa na dari.

Hasara hiyo huwatisha wengi wanapoingia kwenye ukumbi wa harusi au kanisa lenye dari ya juu, na hapa ushauri wa vitabu vya enzi ya filamu umepitwa na wakati. Ichukuliwe flashi ambayo namba yake ya mwongozo, yaani umbali kwa mita ukizidishwa kwa namba ya tundu la lenzi katika ISO 100 (ISO ni kipimo cha wepesi wa filamu au kamera kuhisi mwanga), ni 36. Kwa mtu aliye umbali wa mita 3 flashi hiyo ikielekezwa moja kwa moja huruhusu tundu la f/12. Dari ikiwa kwenye kimo cha mita 6, safari ya kupanda na kushuka hufikia mita 9 na ushei, tundu linaloruhusiwa huwa karibu f/4, na dari ikimeza stopu 2 zaidi hubaki f/2. Kwa filamu ya ISO 100 mpiga picha alilazimika kufungua lenzi hadi mwisho, kama alikuwa na lenzi ya namna hiyo, na kutumia flashi kwa nguvu zake zote. Kamera za kidijitali za leo hupiga kwa ISO 1600 bila chengachenga zinazoonekana katika picha ya kawaida. Kwa kiwango hicho tundu linaloruhusiwa huwa f/8, na anayepiga kwa f/2.8 anahitaji sehemu moja ya nane tu ya nguvu ya flashi yake. Kwa hiyo anayeshika kifuniko cha plastiki ndani ya ukumbi kwa hoja kwamba dari iko mbali mno anapaswa kwanza kupandisha ISO na kujaribu.

Kikwazo halisi ni rangi na umbile la dari. Mwanga hubeba rangi ya kitu ulichogonga, na majengo ya Afrika Mashariki yana aina nyingi za dari na kuta ambazo maelekezo yanayoandikwa kwa ajili ya nyumba za Marekani hayazitaji. Dari ya jipsamu iliyopakwa nyeupe, ambayo sasa imeenea mijini, haina matatizo. Dari ya mbao iliyopigwa vanishi hurudisha mwanga wenye rangi ya chungwa. Bati lisilo na dari chini yake huurudisha mwanga kwa mistari na madoa likiwa jipya, na likishika kutu huutia wekundu. Kuta zilizopakwa rangi ya mafuta ya kijani au ya buluu hadi kimo cha kifua, kama zilivyo katika madarasa na zahanati nyingi, hutia upande mmoja wa uso rangi ambayo haiondoki kirahisi kwenye kompyuta, kwa kuwa upande wa pili wa uso hauna rangi hiyo na kila marekebisho ya upande mmoja huharibu mwingine. Kumbi za harusi huleta ugumu wa pekee: wapambaji huvika dari nzima vitambaa vya zambarau, dhahabu au waridi, na flashi iliyoelekezwa juu humrudishia bibi harusi mwanga wa rangi ya mapambo. Mpiga picha anayewahi kufika ukumbini akapiga picha chache za majaribio kabla wageni hawajaingia atajua mapema kama dari hiyo ni rafiki au la, na kama si rafiki atatafuta ukuta mweupe uliosalia, mara nyingi upande wa mlango au jikoni, ambako wapambaji hawakufika.

Nyumba za kale za Mji Mkongwe wa Zanzibar na za Lamu zinaonyesha vizuri kwamba uamuzi hutegemea jengo. Dari zake za boriti za mikoko zina mistari ya giza inayomeza mwanga na kuurudisha kwa vipande, kwa hiyo mazoea ya kuelekeza flashi juu hayafai humo; lakini kuta zake nene zilizopigwa lipu ya chokaa, pale zilipobaki nyeupe, hurudisha mwanga safi kabisa na kwa ukarimu. Anayegeuza flashi kuelekea ukuta ulio ubavuni hupata uso uliomulikwa kutoka upande mmoja na kufifia taratibu kuelekea upande mwingine, jinsi dirisha la chumba hicho lingefanya mchana.

Mwelekeo huo wa ubavuni una thamani hata pale dari inapokuwa nyeupe. Mwanga unaotoka juu moja kwa moja huacha macho ya mtu ndani ya vivuli, hasa kwa mwenye macho yaliyoingia ndani au aliyevaa kofia au mtandio uliotokeza mbele. Kadi nyeupe inayosimamishwa nyuma ya kichwa cha flashi hutibu kasoro hiyo kwa kutupa sehemu ndogo ya mwanga mbele na kuweka nukta ndani ya macho. Rogue FlashBender ni kadi ya namna hiyo, iliyotengenezwa kwa kitambaa chenye vipande vya chuma vinavyoiruhusu kupindwa na kubaki ilivyopindwa. Kipande cha manila kilichofungwa kwa mpira hufanya kazi ileile, ingawa hakivumilii jasho la usiku mzima wa harusi. Ni kosa, hata hivyo, kuitegemea kadi kuwa chanzo kikuu cha mwanga, kwa maana upana wa kiganja na nusu hautoshi kulainisha uso ulio mbali.

Kifaa kinachostahili heshima kubwa kuliko kinayopewa ni kipande cheusi cha sponji nyembamba, cha ukubwa wa nusu ya karatasi ya barua, kinachofungwa upande mmoja wa kichwa cha flashi. Mbinu hiyo imeelezwa kwa kina na Neil van Niekerk, mpiga picha mzaliwa wa Afrika Kusini anayefanya kazi Marekani. Sponji haisambazi mwanga bali huuzuia: flashi ikigeuzwa kuelekea ukuta ulio nyuma ya bega la mpiga picha au ubavuni mwake, kipande hicho huhakikisha kwamba hakuna miale inayomfikia mpigwa picha moja kwa moja, ili mwanga wote unaomfikia uwe umetoka ukutani. Bila sponji, sehemu ndogo ya mwanga mkali huponyoka na kumgonga usoni, nayo hutosha kurudisha doa la paji la uso na kivuli kikali ambavyo ukuta ulikuwa umeviondoa. Katika hali hiyo kuongeza plastiki mbele ya flashi hudhoofisha picha, na kuziba njia moja ya mwanga huiponya. Kipande hicho pia kinaweza kuwakinga wageni walioketi nyuma ya mpiga picha wasipigwe na flashi machoni, adabu ndogo ambayo wageni wa harusi huithamini.

Suala la ngozi linahitaji kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ndilo linaloamua uzito wa mambo yote yaliyotangulia. Ngozi ya binadamu hurudisha mwanga kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya juujuu: sehemu ndogo ya mwanga, kiasi cha asilimia 4 au 5 pale unapoikabili ngozi moja kwa moja, hurudishwa na utando wa nje bila kuingia ndani, na hiyo ndiyo inayoonekana kuwa mng'ao. Kiasi hicho hakitofautiani sana kati ya ngozi nyeusi na nyeupe. Njia ya pili ni ya ndani: mwanga huingia chini ya utando huo, hutawanyika, na sehemu yake hurudi nje ikiwa na rangi ya ngozi; hapo ndipo melanini, kiini kinachoipa ngozi weusi wake, humeza kiasi kikubwa zaidi katika ngozi nyeusi. Kwa hiyo katika ngozi nyeusi mng'ao huwa sehemu kubwa zaidi ya mwanga wote unaorudi kwenye kamera, na umbo la uso, yaani mteremko wa shavu, ukingo wa pua, mstari wa taya, huchorwa na mng'ao kwa kiasi kikubwa kuliko linavyochorwa na vivuli.

Mng'ao huo kwa hakika ni taswira ya chanzo cha mwanga ikionekana juu ya ngozi, na ukali wake hutegemea wingi wa mwanga unaotoka katika kila sentimita ya mraba ya chanzo hicho. Mwanga uleule ukitolewa na eneo kubwa mara 10, rangi ya ngozi haipungui mwangaza, lakini mng'ao hupungua ukali mara 10, yaani zaidi ya stopu 3, na wakati huohuo hutandaa juu ya sehemu pana ya uso. Tofauti hiyo huonekana wazi kwenye shavu la mtu mweusi aliyepigwa picha mbili mahali pamoja: kwa flashi tupu kuna doa jeupe lisilo na maelezo yoyote ndani yake, vinyweleo na rangi vikiwa vimefutika, na kulizunguka doa hilo ngozi inaonekana nzito na ya giza; kwa flashi iliyogongwa ukutani doa limeyeyuka na kuwa mteremko mrefu wa nuru unaoanzia chini ya jicho hadi karibu na taya, na ndani ya mteremko huo rangi ya ngozi bado inasomeka. Poda hupunguza doa, lakini poda isiyolingana na ngozi huleta rangi ya kijivu ambayo flashi huianika hadharani. Wala si sahihi kuuondoa mng'ao wote, kwani ngozi nyeusi isiyo na mng'ao hata kidogo hupoteza umbo katika picha. Kinachotakiwa ni mng'ao mpana, uliowekwa mahali panapolifaa umbo la uso, na hilo hupatikana kwa chanzo kikubwa kilicho ubavuni. Mwenye kupiga watu wenye ngozi nyeusi ana sababu ya kimaumbile ya kudai vyanzo vipana, na majaribio ya vifaa yaliyofanywa kwa nyuso nyeupe peke yake hayawezi kumjibu swali lake kikamilifu.

Ufinyu huo wa majaribio una historia. Katika karne ya 20 maabara za filamu zilirekebisha rangi kwa kutumia kadi zilizojulikana kwa jina la Shirley, zenye picha za wanawake weupe, na ngozi nyeusi ikaachwa ijitafutie nafasi yake katika kemia iliyopimwa kwa wengine. Mpiga picha wa leo hukutana na tatizo linalofanana na hilo katika flashi zinazojipima kupitia lenzi, kwa kuwa mtambo wake hukadiria kwamba kila kinachoonekana kina weupe wa wastani. Gauni jeupe la bibi harusi likijaza picha, flashi hupunguza nguvu na uso mweusi huzama. Buibui au suti nyeusi ikijaza picha, flashi huzidisha nguvu na uso huungua. Hakuna kisambaza mwanga kinachotibu kosa hilo. Dawa yake ni kupandisha au kushusha kipimo cha flashi kwa mkono, mara nyingi kwa theluthi mbili ya stopu hadi stopu nzima, na kukagua uso badala ya nguo.

Isidhaniwe kwamba mwanga mkali ni kosa kila unapotumika. Jijini Bamako, Mali, Seydou Keïta, aliyefungua studio yake mwaka 1948, alipiga sehemu kubwa ya picha zake uani kwa mwanga wa jua, na nyuso zake zina utulivu unaotokana na nuru hiyo. Malick Sidibé, katika mji huohuo, alizunguka na flashi kwenye sherehe za vijana za miaka ya 1960, na ukali wa mwanga wake umekuwa sehemu ya furaha inayoonekana katika picha hizo. Flashi tupu inafaa pale mpiga picha anapotaka kuonyesha mwendo, kelele na usiku. Haifai pale mteja anapotaka picha ya mama yake ya kutundika sebuleni, na kazi nyingi zinazolipiwa ni za namna hiyo.

Pale ambapo hakuna ukuta wa kutegemea, mpiga picha hana budi kuubeba ukuta wake mwenyewe, na hapo ndipo mwavuli na sanduku la kitambaa, linaloitwa softiboksi, huingia. Mwavuli wa kipenyo cha sentimita 100 hivi una eneo kubwa zaidi ya mara 200 kuliko kidirisha cha flashi, hukunjwa ukaingia kwenye begi, na kwa mtu mmoja au wawili hutoa mwanga ambao hakuna kifaa cha kupachika juu ya kamera kinachoufikia. Mwavuli mweupe wa kupenyeza mwanga unaweza kusogezwa karibu sana na uso, lakini humwaga mwanga kila upande na katika chumba kidogo chenye kuta za rangi huamsha rangi hizo zote. Mwavuli wa kuakisi wenye mgongo mweusi huudhibiti mwanga vizuri zaidi. Softiboksi yenye vitambaa viwili, kimoja ndani na kimoja mbele, hugawanya mwanga kwa usawa na kuukata kwenye kingo zake, ndiyo maana hupendwa studio, ingawa kuifunga na kuifungua huchukua muda ambao harusi haitoi.

Kosa la kawaida katika matumizi ya vifaa hivi ni kuviweka mbali. Softiboksi ya sentimita 60 kwa 90 iliyo mita moja kutoka usoni ni chanzo laini; ikirudishwa nyuma hadi mita 4 huonekana kwa upana ambao kadi ya sentimita 22 ingeonekana nao ikiwa mita moja, na fedha iliyotumika kuinunua imepotea. Umbali pia huamua hali ya mandhari ya nyuma. Taa ikiwa mita moja kutoka kwa mtu na ukuta ukiwa mita 3 kutoka kwenye taa hiyo, ukuta hupata sehemu moja ya tisa ya mwanga na kuwa giza kwa stopu 3 hivi. Taa ikiwa mita 3 kutoka kwa mtu na ukuta ukiwa mita 5, tofauti hubaki stopu moja na nusu. Kanuni nyepesi inayofaa kukumbukwa ni kuweka taa umbali usiozidi sana kipenyo chake, hata kama stendi italazimika kusimama kwenye ukingo wa picha na kukatwa baadaye.

Nje mchana mambo hugeuka tena. Karibu na ikweta jua la saa sita liko utosini, macho huwa mashimo, na kazi ya flashi ni kujaza vivuli tu. Kwa kasi ya shata ya 1/200 na ISO 100, jua kali huhitaji tundu la f/11 hivi. Flashi ya namba 36 ikielekezwa moja kwa moja kwa mtu aliye mita 2 inamudu f/18, kwa hiyo ina akiba ya zaidi ya stopu moja. Ikivalishwa kifuniko kinachomeza stopu 2 hubaki na f/9, akiba imekwisha, kila mwako ni wa nguvu zote, betri huchoka na flashi huchemka, wakati mwanga ni mkali vilevile kama ulivyokuwa. Flashi tupu iliyoshushwa stopu moja au mbili chini ya jua hujaza macho vizuri, na ukali wake hauonekani kwa sababu jua ndilo linalochora vivuli. Bora zaidi ni kumhamishia mtu kwenye kivuli cha mwembe, au kushika juu yake kitambaa cheupe cha kupenyeza mwanga, kile cha mduara kinachouzwa pamoja na reflekta za kukunja, ili jua lenyewe ligeuzwe kuwa chanzo cha mita moja.

Kwa anayeanza na fedha kidogo, kwa hiyo, matumizi yenye faida ni flashi ambayo kichwa chake kinageuka pande zote, pamoja na kipande cha sponji nyeusi na kadi nyeupe ambavyo anaweza kuvikata mwenyewe. Fedha ya pili iende kwenye mwavuli, stendi na kichocheo cha redio cha kuwasha flashi ikiwa mbali na kamera. Mwavuli usio na jina kubwa kwa kawaida huuzwa kwa bei ya chini kuliko bakuli la silikoni la kampuni maarufu, na hutoa mwanga ulio bora mara nyingi zaidi. Softiboksi isubiri hadi kuwe na chumba cha kuifungua. Bakuli linaweza kumfaa anayepiga picha za karibu katika nyumba ndogo zenye kuta nyeupe. Kifuniko kidogo cha plastiki, ambacho baadhi ya flashi huja nacho ndani ya kasha, hakina sababu ya kununuliwa.